Congo Nile Trail kwa baiskeli: jinsi ya kupanga kilomita 227 za Ziwa Kivu

Njia inaanzia Rubavu (Gisenyi) hadi Rusizi (Kamembe), magharibi mwa Rwanda, ziwa likiwa mkono wako wa kulia muda mwingi. Aliyezoea tambarare za Dodoma akisikia kilomita 227 anahesabu siku mbili. Huku ni kupanda na kushuka kutwa nzima, kwa hiyo panga siku 5, wastani wa kilomita 45.

1. Msimu. Nenda Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei udongo unanata, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Ukilazimisha kukanyaga, mashine ya gia ya nyuma inavutwa ndani ya spoki, na safari imeishia hapo. Ukikutwa na tope, shuka, ling'oe kwa kijiti, beba baiskeli.

2. Baiskeli. Tairi za milimita 45 au zaidi. Gia: meno 32 mbele, 42 kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma. Ukija na gia za baiskeli ya lami utasukuma sana. Weka pedi mpya za breki na ubebe jozi 2 za akiba, maana miteremko mirefu yenye tope inazila haraka.

3. Vipuri. Tyubu 2, viraka, solusheni, viungo 2 vya mnyororo, spoki 3 za urefu sawa na za magurudumu yako, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia mashine ya gia kwenye fremu. Hicho usikisahau. Fundi wa kijijini ataziba pancha na kunyoosha rimu vizuri tu, ila kipande cha fremu yako hatakuwa nacho.

4. Kufungasha baiskeli kwa usafiri. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha mwelekeo wa saa; wengi huharibu nyuzi zake hapa. Weka kijiti kati ya miguu ya uma (unaoshika gurudumu la mbele). Funika kwa maboksi na vitambaa, kwa kuwa mifuko ya nailoni imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008.

5. Malazi. Usiku wa kwanza Kinunu, penye kituo cha kuoshea kahawa, wa pili Karongi. Kuanzia hapo gawanya kulingana na miguu yako.

Maswali

*Mkuu, nikichoka katikati je?*
Panda hadi lami. Barabara ya Rubavu–Karongi–Rusizi inapita juu ya njia yetu sehemu nyingi na ina mabasi. Lipia baiskeli kama mzigo, na mpatane bei kabla haijapandishwa.

*Kiswahili kinatosha?*
Rubavu na Rusizi kinatosha, ni miji ya mpakani na Goma na Bukavu. Vijijini ni Kinyarwanda: baiskeli ni igare, maji ni amazi.

*Upepo wa tairi kiasi gani?*
Mtu wa kilo 75 mwenye mizigo, tairi za 45 zisizo na tyubu: PSI 35 mbele, 38 nyuma. Zenye tyubu ongeza 5, la sivyo mawe yatabana tyubu kwenye rimu na utapata matundu mawili pacha.

*Tunaotoka Tanzania na Kenya tujihadhari na nini?*
Rwanda wanaendesha kulia. Kosa hutokea baada ya kupumzika, unaondoka kwenye barabara tupu na mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Tena saa zao ziko nyuma kwa saa moja: jua linazama mnamo saa 12 jioni, hivyo saa 10 uwe umeshajua unalala wapi.