"Remember" au "remind"? Sikiliza mwisho wa kitenzi

Katika darasa langu la jioni, kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni hili: "Remember me to call him." Mwanafunzi alitaka kusema "nikumbushe nimpigie". Kiswahili kimemzoesha kitenzi kimoja kinachogeuka mkiani tu, kumbuka na kumbusha, lakini Kiingereza hapo huleta neno jingine kabisa.

Hatua ya 1: Itamke kwanza sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia "kumbusha", andika "remind"; ukisikia "kumbuka", andika "remember". "Nikumbushe kesho" ni "Remind me tomorrow."

Hatua ya 2: Ukishaandika "remind", mtaje anayekumbushwa: "Remind me to pay the rent." Na kama kitu kinakurudishia kumbukumbu ya mtu, usiangushe "of". Harufu ya pilau inanikumbusha bibi: "The smell of pilau reminds me of my grandmother."

Hatua ya 3: Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama. Umeshafika kituo cha daladala, wasiwasi unakushika: mlango nilifunga kweli? "I remember locking the door" maana yake nakumbuka nilifunga, hata mlio wa ufunguo kitasani bado ninao. "I remembered to lock the door" maana yake sikusahau kufunga. Kwenye "-ing" tendo limetangulia, kumbukumbu imefuata. Kwenye "to" ni kinyume chake, ulikumbuka kwanza ndipo ukatenda.

Mimi huwapima wanafunzi kwa mchuzi. Mpishi akisema "I don't remember adding salt", chukua kijiko uonje, huenda chumvi imo. Akisema "I didn't remember to add salt", usijisumbue kuonja, leta kopo la chumvi.

Hatua ya 4: Ile "-na-" ya "nakumbuka" isikuvute useme "I am remembering". Sema "I remember", basi.

Utakutana pia na "Remember me to your mother." Usikimbilie kalamu nyekundu. Ni Kiingereza safi, cha kizamani kidogo, na maana yake ni "nisalimie mama". Angalia tu kinachofuata "to": hapa ni mtu, si tendo.