12700H au 6800H? Jinsi ya kuzipima mwenyewe hapo hapo dukani kabla hujatoa hela

Mbukwenyi wakuu. Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wawili wanafunzi wa UDOM na mmoja binamu yangu anayechora ramani za nyumba kule Nkuhungu, wote wanataka kujua kati ya prosesa mbili za laptopu, Core i7-12700H ya Intel na Ryzen 7 6800H ya AMD, ipi kali. Nimeona niandike sehemu moja maana hizi zote zilitoka mwaka 2022, sa hivi zinapatikana kama used na bei zake zinakaribiana, kwa hiyo ukikosea unakosea na hela ya ada kabisa.

Jibu langu nalitanguliza: usilinganishe prosesa na prosesa, linganisha laptopu na laptopu. Prosesa ile ile ukiikuta kwenye laptopu mbili inaweza kupishana mpaka ukadhani ni vitu viwili tofauti, kwa sababu aliyetengeneza laptopu ndo anaamua aipe umeme kiasi gani na aipoze vipi. Hiyo haiandikwi kwenye stika, inabidi uipime.

Ila kwanza soma jina lote mpaka herufi ya mwisho. Hapa ndo watu wanaumia sana. Muuzaji anakwambia "i7 ya kizazi cha 12" na wewe unasikia 12700H, kumbe aliyonayo ni i7-1255U. Hiyo ya U nayo ni i7, nayo ni kizazi cha 12, na spidi yake ya juu imeandikwa GHz 4.7 sawasawa na 12700H, lakini ndani ina kori 2 tu kubwa wakati 12700H ina 6. Kwa Word na Excel hutaona tofauti, ila ukirenda nyumba ya ghorofa moja, yani kugeuza mchoro kuwa picha kamili kama ya kamera, utalia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda kwenye Performance, jina la prosesa liko juu kulia. Usisome stika, stika zinabandikwa.

Sasa zenyewe zikoje. 12700H ina kori 14, yani zile sehemu za ndani zinazopiga kazi, 6 kubwa za nguvu na 8 ndogo za kubana umeme. Kila kubwa inashika kazi mbili kwa mpigo na ndogo inashika moja, ndo maana unaona thredi 20. Umeme wake wa kawaida ni wati 45 ila ikikurupuka inaruhusiwa kwenda mpaka 115. 6800H ina kori 8 zote za aina moja, thredi 16, nayo wati 45 na spidi ya juu nayo GHz 4.7, ila haina ile tabia ya kupanda juu sana afu ikashuka, yenyewe inatembea mwendo mmoja. Kilichoninyima usingizi mimi kwa hii ya AMD ni grafiksi yake ya ndani, Radeon 680M, kwa laptopu ambayo haina kadi ya picha ya pembeni hiyo inaiacha mbali Iris Xe, grafiksi ya ndani ya Intel, gemu nyingi za kawaida zinacheza ukishusha mipangilio.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani jiulize kazi yako ni ipi, na usijibu kwa jumla jumla. AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani, sehemu kubwa ya kazi yake inaendeshwa na kori moja, kwa hiyo ukiwa unachora tu Intel ina kaupepo zaidi, kwenye kori moja moja 12700H inaishinda 6800H waziwazi. Ila ukifika kwenye kurenda kwa prosesa kori zote zinaingia kazini na zinakaa humo saa nzima au zaidi, hapo sasa suala ni nani anavumilia. Mi mwenyewe nahariri video za harusi na sendoff, na kwangu kuna kitu kimoja kilichoamua kila kitu: kamera nyingi za siku hizi zinarekodi video za mfumo wa H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yani rangi nyingi zaidi ila faili nzito kufungua, na Intel kuanzia kizazi cha 11 ina kifaa ndani ya grafiksi yake kinachofungua hizo faili bila kuisumbua prosesa. 6800H haina hicho kwa 4:2:2. Ukiziweka hizo faili kwenye taimulaini ya Premiere, programu ya kuhariria video, na 6800H picha inakatakata mpaka utengeneze proksi kwanza, yani nakala nyepesi za hizo faili, na mtu wa harusi ameshapiga simu mara tatu anaulizia video yake. Kama unarekodi kwa simu au kamera ya biti 8 ya kawaida hili halikuhusu, ruka.

Haya, twende dukani. Beba flashi yenye programu mbili, HWiNFO ya kusoma wati na joto na Cinebench R23 ya kuipa prosesa kazi nzito na kuipa pointi, zote zipo za kufungua bila kuinstoo. Mwombe muuzaji kwa heshima, mwambie kaka naomba dakika kumi na tano niitesti, wengi hapa mjini wanakubali hasa ukienda asubuhi kabla wateja hawajajaa. Chomeka chaja, na hakikisha ni chaja yake, maana laptopu za aina hii zinataka chaja kubwa na used nyingi zinauzwa na chaja ndogo ya kuazima, ukiichomeka inachaji vizuri tu lakini prosesa inafungiwa nguvu na wewe hujui kwa nini. Angalia wati zilizoandikwa kwenye tofali la chaja.

Weka mpangilio wa umeme kwenye nguvu ya juu, fungua HWiNFO upande wa sensa, tafuta mstari wa "CPU Package Power" na wa joto, halafu washa Cinebench kwenye ile testi ya kori zote ya dakika kumi. Usitoke hapo ukaenda kunywa soda. Andika wati za dakika ya kwanza, andika za dakika ya tano, andika za dakika ya tisa. Hizo namba tatu ndo laptopu yenyewe. Dakika ya kwanza kila laptopu ni shujaa, hasa za Intel, unaiona iko wati 90 huko unafurahi, ya tisa unaikuta 40.

Na ndo ilivyotokea tulipoenda na binamu. Dukani kulikuwa na mbili, 12700H kwenye laptopu nyembamba nzuri ya kijivu na 6800H kwenye ile nene ya plastiki ambayo hata haivutii. Ya Intel ilianza wati 85, dakika ya tano iko 45, dakika ya tisa iko 38. Ya AMD ilianza 54 ikakaa 54 mpaka mwisho. Binamu alishaipenda ile nyembamba kwa macho kabla hatujawasha kitu, nikamwambia subiri namba, na namba zilipotoka ile nene ikawa imeipita kwa kazi ndefu. Kwa makadirio, 12700H inayopewa umeme wa kutosha na kupozwa vizuri inapita pointi 16,000 kwenye hiyo testi ya kori zote, na 6800H nzuri inacheza 13,000 mpaka 15,000. Ukikuta 12700H iko chini ya 13,000 jua imefungwa mikono, unalipia kori 14 unapata kazi ya 8.

Joto nalo usilisome vibaya. 12700H kikomo chake ni nyuzi 100 na 6800H ni 95, zikifika hapo zinajishusha spidi zenyewe ili zisiungue, hazijafa. Tatizo la sisi wa Dodoma ni kwamba duka lina AC na wewe unakaa chumba cha bati bila silingbodi, mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja mchana humo ndani unajua mwenyewe. Chumba kikipanda nyuzi kumi prosesa nayo inapanda karibu kumi hizo hizo, kwa hiyo laptopu iliyogusa nyuzi 88 dukani kwenye ubaridi inakuja kugonga kikomo nyumbani. Kwa hiyo nikitesti kwenye AC nataka ibaki na nafasi, ikiwa imeshagonga kikomo pale dukani siichukui hata iwe na namba nzuri namna gani.

Ukimaliza hapo chomoa chaja urudie testi fupi ya mzunguko mmoja. Prosesa zote mbili zinashuka zikiwa kwenye betri ila Intel kwa kawaida inashuka zaidi, na kwenye kazi nyepesi nyepesi 6800H inakula umeme kidogo. Kama mtaa wenu umeme unakatika au unasomea maktaba ambako soketi ni za kugombania hili ni kubwa kuliko pointi zote za Cinebench. Hesabu yake ni rahisi, betri ya Wh 60 (wati-saa) ikitumika kwa wati 10 inakupa saa 6, kwa wati 20 inakupa saa 3. Ila hiyo ni betri nzima, na ya used haiwi nzima, kwa hiyo fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itatengeneza faili, humo linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 70 omba bei ishuke au wakubadilishie.

RAM nayo, kwa haraka. 6800H haikubali RAM ya aina ya DDR4 kabisa, inatumia zile mpya za DDR5 au LPDDR5, 12700H inakubali zote, kwa hiyo kama una RAM zako za DDR4 kwenye kabati zitakufaa kwa Intel tu, na hapo ni kama laptopu yenyewe imetengenezwa kwa DDR4. Na ile Radeon 680M niliyoisifia haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, ukiikuta na kijiti kimoja tu inakuwa nusu mtu. Task Manager kwenye Memory itakwambia nafasi ngapi zimetumika.

Vumbi nimeliacha mwisho ila siyo dogo. Huku kwetu kuanzia mwezi wa saba upepo unapuliza vumbi lile jekundu na laptopu ya feni mbili inalivuta lote. Kabla ya kununua mulika tochi ya simu kwenye matundu ya hewa uone kama kumeziba, na ukishanunua peleka kwa fundi wa kuaminika isafishwe mara mbili kwa mwaka na ibadilishwe pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozi, kama ni used, binafsi nilishashusha nyuzi 11 kwa usafi tu, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Usiitumie juu ya godoro, matundu yako chini.

Binamu alichukua ile nene ya 6800H, akaongeza kijiti cha pili cha RAM, anachora mchana na kurenda usiku hali ya hewa ikipoa. Mi bado niko na 12700H, nene pia, yenye feni za kelele, kwa sababu ya zile faili za kamera. Ukiwa na laptopu mbili umezipata na huelewi, niandikie wati za dakika ya kwanza, ya tano na ya tisa, na kazi unayofanya, jina la prosesa hata usiponiambia sawa.