Jinsi ya kuingiza tabianchi kwenye mpango wa halmashauri na ukapata bajeti

Hii nawaandikia maafisa mipango na kilimo wenzangu, hasa wa Dodoma na Singida. Mkakati wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi upo, ule wa 2021-2026, ila mkulima anaufaidi pale tu unaposhuka mpaka kwenye kasma (fungu la bajeti) ya halmashauri, bila hapo unabaki makaratasi, na inaniuma sana nikiona hivyo.

Hatua ya 1: Mvua. Usiishie kwenye jumla ya mwaka! Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, sasa mwaka unaweza kupata milimita 550 kama kawaida lakini Februari jua likapiga wiki tatu mfululizo mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, basi mavuno yameshaenda na ripoti bado inasema mvua ilikuwa ya wastani. Omba TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) data za siku kwa siku, angalia mvua ilianza lini, halafu hesabu siku kavu zilizofuatana.

Hatua ya 2: Nenda kijijini. Chora miezi 12 kwenye karatasi kubwa, hiyo ndo kalenda ya kijiji, uliza zamani walipanda lini na sasa lini, chakula kinakata mwezi gani, maji ya Oktoba yanachotwa wapi. Akina mama wakae kundi lao, la sivyo habari ya maji huisikii kabisa. Wafugaji nao waitwe mapema, ukipanga bwawa bila wao umepanga ugomvi.

Hatua ya 3: Andika shughuli inayoonekana. "Kujenga uwezo wa wakulima kuhimili mabadiliko ya tabianchi" ndo inakatwa ya kwanza bajeti ikibana, maana hakuna anayejua kinanunuliwa nini. Andika hivi: "Kuchimba mita 4,000 za makinga maji kwenye mashamba ya kijiji fulani ifikapo 30 Oktoba, msimamizi afisa ugani wa kata." (Makinga maji ni mitaro na matuta ya kushika maji ya mvua shambani.) Kiasi, mahali, tarehe, mtu. Basi.

Hatua ya 4: Kalenda ya hela, hapa ndo pagumu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, kwa hiyo mikutano ya vijiji ifanye Septemba au Oktoba mwaka unaotangulia, ukichelewa umeukosa mwaka mzima. Na manunuzi ya mbegu za mtama na alizeti yaweke robo ya kwanza, Julai-Septemba, maana mbegu ikifika Januari mtu alishapanda alichonacho.

Hatua ya 5: Pitisha kamati ya maendeleo ya kata kisha baraza la madiwani. Kaa na diwani kabla ya kikao, mpe kalenda ya kijiji chake mkononi.

Mvua zikikata rudi na karatasi ileile, waulize nani alivuna nini kwenye makinga maji na nani nje yake, andika magunia kwa ekari, hizo ndo namba za kuombea bajeti ya mwaka unaofuata.