Jinsi ya kulinganisha Taylor, Mayo na Maslow

Frederick Taylor, Elton Mayo na Abraham Maslow ni wataalamu ambao nadharia zao za kazi na motisha hufundishwa katika somo la usimamizi. Ili kuwalinganisha, chora jedwali lenye safu tatu, kila mtaalamu na yake, kisha mistari minne: alimchunguza nani, aliona tatizo liko wapi, alitaka meneja afanye nini, ushahidi wake unaishia wapi. Jaza mstari mmoja kwa wote watatu kabla ya kushuka mstari wa pili. Ukimmaliza Taylor kwanza ndipo umwendee Mayo, utapata wasifu tatu zilizopangwa tu.

Kwa Taylor, anza na hesabu. Katika Bethlehem Steel, Marekani, mwaka 1899, mpakiaji wa chuma alitoka tani 12.5 kwa siku hadi 47.5, na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Kazi karibu mara nne. Ujira asilimia 61 tu zaidi. Iandike tofauti hiyo, maana lawama nyingi dhidi yake zinatoka hapo. Ila mpe haki yake kwenye vifaa: alipima hadi akapata kwamba beleshi libebe ratili 21, yaani kilo 9.5 hivi, na si zaidi.

Mayo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaandika kwamba aligundua mambo kwa kubadilisha taa kiwandani Hawthorne, karibu na Chicago. Majaribio ya taa yalianza 1924, yeye akaja 1928. Chukua badala yake uchunguzi wa chumba cha kufunga nyaya, hapohapo Hawthorne, 1931 hadi 1932. Wanaume 14 walilipwa kadiri ya kazi ya kikundi, lakini wakajiwekea kikomo, na aliyezidisha alidhihakiwa na kupigwa ngumi mkononi. Walihofia kiwango cha malipo kingeshushwa.

Sasa rudi kwa Taylor: naye aliona wafanyakazi wakizembea makusudi kwa hofu hiyohiyo. Basi wawili hawa hawakupingana juu ya walichokiona. Walitofautiana juu ya dawa: Taylor alitaka kupima muda na kuweka kiwango kisichobadilishwa ovyo, Mayo alielekea kwenye kikundi na namna ya kukisimamia. Mstari wa tatu wa jedwali uubebe uzito huu.

Maslow hakuitoa nadharia yake kiwandani. Makala yake ya 1943 ni ya saikolojia: inapanga haja za binadamu kwa ngazi, kuanzia za mwili, kisha usalama, kisha upendo na kuendelea juu. Usiandike kwamba haja moja lazima itoshelezwe yote ndipo ya pili ianze. Mwenyewe alitoa mfano wa mtu aliyetoshelezwa asilimia 85 kwa haja za mwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo.

Ukipewa swali la karakana ya ushonaji ambako mafundi wanaishia idadi ileile kila siku, uliza kwanza kama bei ya kipande iliwahi kupunguzwa. Ikiwa ndiyo, usianze na Maslow; anza na hofu ile waliyoiona Taylor na Mayo.