Hela ya korosho imeingia, kabla hujakimbilia dukani kununua simu au kamera

Malipo ya mnada wa kwanza yakishaingia tu maduka ya simu huku kwetu Mtwara mjini, Masasi, Newala mpaka kule Ruangwa yanafurika watu hadi barazani. Msimu uliopita mjomba wangu alishuka kutoka Tandahimba na gari la alfajiri, hata chai hajanywa, ananiambia "mpwa wangu twende ukanichagulie simu nzuri". Nikamuuliza nzuri ya kazi gani mjomba, akasema nzuri tu bwana, yenye kamera nyingi. Tumefika dukani anachukua simu anaigeuza mgongo anahesabu macho kwa kidole, moja mbili tatu nne, haya hii hapa. Hata kuiwasha hajaiwasha!

Nikamrudishia muuzaji simu yake nikamkalisha mjomba kwenye benchi pale nje. Nikamwambia nitajie vitu vitatu tu unavyofanya na simu kila siku, sio unavyotamani, unavyofanya. Akafikiria weee, mwisho akasema anaongea na mwanae wa Dar kwa video ya WhatsApp, anapiga picha stakabadhi za ghala na zile karatasi za mzani maana zikikaa mfukoni wino unafutika, na anasikiliza redio akiwa shamba. Basi. Na mdogo wangu wa kike yeye anauza vitenge mtandaoni, shida yake ni rangi, kitenge chekundu kikitoka cha machungwa kwenye picha mteja akikipokea ni ugomvi. Mimi napiga picha harusi na ngoma, na ngoma zetu unazijua, usiku wa manane watu hawatulii. Sasa watu watatu wa nyumba moja simu moja haiwezi kuwatosha wote, ndo maana ukimuuliza mtu "eti simu gani nzuri" bila kumwambia kazi yako atakutajia yake.

Kitu cha pili usiulize dukani, kiulize kijijini, laini gani inashika pale nyumbani na inashika 4G au inaishia kwenye kupiga tu. Kuna sehemu za uwanda wa Makonde ukisogea hatua kumi mtandao unakuja, ukirudi umeondoka. Ukishajua laini ndo unaenda kuangalia simu inaikubali, na hapa nawasema wale wanaonunua simu za mtumba zilizotoka Marekani au Japani, nyingine zimefungwa na mtandao wa huko, unaweka laini yako inakuandikia haitambuliki na muuzaji kashahama kibaraza. Kwahiyo nenda na laini yako, iweke, piga, pokea, washa data, ndo uanze kuongea bei.

Tuje kwenye kamera maana ndo watu wengi wanapoliwa, na mimi nililiwa mbaya kuliko mjomba. Nilinunua simu imeandikwa megapikseli 108, yani vidoa milioni 108 vya picha, kwa maandishi makubwa kwenye boksi, nikajua hapa kamera basi tena. Nikachukua kazi ya harusi Mikindani. Mchana picha nzuri kabisa, bibi harusi anatolewa ndani saa mbili usiku taa ni balbu mbili tu, picha zote zina chengachenga kama mchanga, akitikisa kichwa tu uso umekuwa moshi. Halafu katikati ya video simu inaniandikia nafasi imejaa. Shangazi wa bwana harusi aliniangalia vile, mpaka leo nikipita mtaa ule nashusha kofia.

Nilichokuja kujua ni kwamba picha inatengenezwa na mwanga, na kinachokusanya mwanga ni sensa, kile kidude kidogo nyuma ya lenzi. Ukubwa wa sensa ndo habari, sio hesabu ya megapikseli. Simu ya 108 kwa kawaida inachukua vidoa tisa vya picha inavifanya kimoja, ndo unapata picha ya 12. Ya 50 inaunganisha vinne vinne nayo inaangukia hapohapo 12 na kidogo. Na hata hiyo 12 ni nyingi, picha ya kusafisha ile ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inataka kama megapikseli 2 tu itoke safi, A4 nzima inataka kama 9. Na ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa inapungua, ukitaka ifike kama ilivyo itume kama faili. Sasa hizo 108 zinaenda wapi?

Na macho mengi nayo ni hivyohivyo. Kwenye simu nyingi za bei ya chini lenye kazi ni moja, la pili la kupiga vitu vya karibu ni megapikseli 2, la tatu la kupima umbali ili nyuma kufifie, la nne ukiliuliza kazi yake hata muuzaji anacheka. Jicho moja zima lina thamani kuliko manne ya urembo. Kwenye maelezo tafuta herufi f na namba, f/1.8 inaingiza mwanga mwingi kuliko f/2.4, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, imekaa kinyume ila ndo ilivyo. Kingine tafuta OIS, yani lenzi au sensa inajitikisa kufuta mtikisiko wa mkono wako, usiku inasaidia mno. Zumu pia, zumu ya lenzi inavuta kweli, zumu ya programu inakata picha na kuikuza, usihangaike nayo, jongea mbele kwa miguu.

Ila hayo maelezo yote we waachie wenye muda, dukani fanya majaribio mawili niliyofanya na mjomba. La kwanza nilimsimamisha mlangoni, mgongo kwenye jua la saa sita, kofia yake nyeupe kichwani, nikapiga kwa ile simu ya macho manne. Kofia inang'aa na barabara inaonekana, uso wake mweusi tii huoni hata pua. Hii ni muhimu sana kwetu, kamera inapima mwanga wa picha nzima, ikikuta weupe mwingi inapunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu. Unaweza kugusa uso kwenye kioo ukapandisha mwanga kwa kidole, ila simu nzuri inajiongeza yenyewe. Tukachukua nyingine ya macho mawili, bei karibu sawa, tukapiga palepale, uso unaonekana mpaka mikunjo, mjomba akasema "ahaa, huyu sasa ni mimi".

La pili nikamwomba stakabadhi yoyote iliyoko mfukoni, akatoa ya msimu wa nyuma imekunjwa mara nne. Tukaitandika juu ya kaunta tukaipiga na simu zote mbili halafu tukaivuta. Kwenye ya macho manne 8 na 3 zinafanana, hujui ni kilo 83 au 88. Kwenye ile nyingine unasoma mpaka maandishi ya muhuri. Hapo biashara ya kuhesabu macho ikaisha, mjomba mwenyewe alimrudishia muuzaji ile simu bila kusema neno. Mwenye vitenge abebe kitenge apige nje kwenye kivuli afananishe na macho yake, anayepiga usiku amwombe muuzaji azime taa ya duka dakika moja. Akikataa maduka yako mengi.

Storeji sasa. Video ya kawaida ya 1080 inaweza kula megabaiti 100 na kitu kwa dakika, harusi ya masaa matatu ni kama GB 20 na zaidi, na WhatsApp yenye magrupu ya ukoo inajaza yenyewe kimyakimya. GB 64 kwa mtu wa picha ni ndogo, tafuta 128, au yenye sehemu ya memori kadi. Ukiona boksi limeandikwa RAM 8, ile memori ya kuendeshea programu, chungulia pembeni kama kuna 4+4, manake ya kweli ni 4 na nyingine imeazimwa kwenye storeji, sio kitu kimoja. Mambo ya prosesa sitayaingia, fungua kamera, funga, fungua WhatsApp, rudi kwenye kamera, ikianza kugandaganda ingali mpya mwakani itakuwaje?

Mazingira yetu pia. Sisi tuna bahari, tuna joto, na tuna salfa. Simu ikiandikwa IP68, ile alama ya kuzuia vumbi na maji, watu wanaipeleka kuogelea Msimbati, ile IP68 inapimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chumvi ikiingia tundu la chaji inakula shaba taratibu hata ukiikausha. Ikishikwa na maji ya bahari ifute kwa kitambaa chenye maji safi, iache ikauke ndo uchaji. Unga wa salfa wakati wa kupulizia mikorosho nao ni adui, unaingia kwenye spika, na salfa inachafua shaba na fedha zilizomo kwenye vyuma vya ndani, ukienda kupuliza dawa iache simu nyumbani au ifunge kwenye mfuko wa nailoni. Na madereva boda mnaofunga simu kwenye usukani, Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa pikipiki kwa muda mrefu unaweza kuharibu lenzi zenye OIS. Ka simu ka bei ndogo kasiko na OIS ndo kafungwe pale.

Betri 5000 mAh ni ya kawaida siku hizi na inatosha mtu wa kuongea na picha za hapa na pale. Umeme ukikatika ndo utaijua thamani yake. Pawabenki ya 10,000 usitegemee ijaze simu ya 5000 mara mbili, nyingine inapotea njiani kwenye kubadilisha umeme, hesabu mara moja na nusu hivi, mara nyingi chini ya hapo. Mjomba yeye tuliangalia na tundu la hedifoni maana redio ya simu nyingi inatumia waya wa hedifoni kama antena, na simu nyingine redio haina kabisa.

Sasa wale wa kamera yenyewe. Kama unapiga picha za familia, usinunue, simu nzuri inakutosha na unaibeba kila siku. Kama unalipwa, harusi, pasipoti, ngoma, wazungu wa Kilwa Kisiwani, hapo kamera inalipa. Sensa ya kamera za kubadilisha lenzi hizi za kawaida, APS-C, ina upana wa milimita 22 mpaka 24, ya simu nyingi haifiki hata 10, usiku hakuna ubishi. Ila usimalize hela yote kwenye bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi, lenzi ya 50mm f/1.8 juu ya bodi ya zamani inaishinda bodi mpya yenye lenzi ya kwenye boksi ukiwa gizani. Ya mtumba uliza shata, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, imeshapigwa mara ngapi, nyingi za kuanzia zinakadiriwa kudumu karibu mara 100,000. Imulike lenzi na tochi kwa pembeni, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, unyevu wa pwani ndo unaileta, iache hapohapo. Na ukinunua usiifungie kwenye begi kabatini, weka ndooni yenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Memori kadi ijaze mpaka mwisho nyumbani ufungue faili zote kabla hujaenda nayo kazini, kadi feki inakuandikia GB 128 ikifika 8 inaanza kufuta.

Simu ya mtumba usiibebe mpaka akaunti ya Google au iCloud ya mwenye nayo iwe imetolewa mbele yako, muuzaji akisema ataitoa kesho basi hela nayo mpe kesho. Iwe mpya au ya mtumba bonyeza *#06#, ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ifanane na ya kwenye boksi, itume kwenda 15090 usome jibu la aina ya simu, likija jina la simu nyingine iache. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016, watu wakalala na simu wakaamka na kioo tu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, muuzaji akianza stori za risiti imekwisha karatasi, msubiri aweke nyingine.

Na za mkopo fanya hesabu kwanza. Tuseme kianzio 60,000 halafu 2,000 kila siku mwaka mzima, hiyo ni 790,000, angalia hiyo simu keshi ni ngapi. Usisahau inafungwa usipolipa, na mkulima hela inaingia kwa msimu, haiji kila siku.

Mjomba aliondoka na ile ya macho mawili, kava, protekta na hedifoni ya waya, chenji ikabaki ya mfuko wa sukari na nauli. IMEI hakutaka kuipiga picha, eti simu ikiibiwa na picha si imeibiwa nayo, nikakosa la kumjibu. Akaiandika kwa kalamu nyuma ya daftari lake la AMCOS, chama chao cha ushirika, ukurasa wa mwisho, chini ya hesabu za magunia.