Kabla ya Kushuka Bandarini na Watoto Wadogo kwenye Safari ya Meli ya Karibi

Panga kwa kufuata saa za mtoto, si picha za tangazo la matembezi. Meli ikifunga gati saa 08:00 haina maana kwamba saa 08:00 mtakuwa nchi kavu. Mamlaka za bandari lazima ziruhusu abiria kwanza, kisha kuna foleni ya lifti (na ninyi mna kigari cha mtoto, ngazi haziwafai), kisha gati lenyewe la kutembea. Hesabuni kuwa nje ya geti saa 09:00 au 09:30. Kama mwisho wa kurudi melini ni 16:30, familia yenye watoto iwe getini saa 15:00. Toa hapo chakula, kubadilisha nepi na usingizi wa mchana. Muda unaobaki unatosha jambo moja. Ufuo mmoja, au ngome moja, au bustani moja. Ukiona ratiba ina magofu, chakula, manunuzi na kuogelea kwa siku hiyohiyo, jua ni ya watu wazima.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, safari ya gari au boti isizidi nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kipimo hicho kinaondoa matembezi mengi yanayosifiwa. Kutoka kisiwa cha Cozumel, Meksiko, kwenda magofu ya Tulum ni feri ya dakika 45 hivi hadi Playa del Carmen upande wa bara, mara nyingi bahari ikiwa imechafuka, halafu basi, halafu kutembea juani pasipo na kivuli cha maana. Mtoto atatapika kwenye feri, atalala kwenye basi na kulia magofuni. Kutoka Falmouth, Jamaika, kwenda maporomoko ya Dunn's River ni mwendo wa karibu saa nzima kila upande, na mkifika ni kupanda mawe yenye utelezi huku mmeshikana mikono. Hapo si mahali pa kumbeba mtoto mgongoni.

Chagueni badala yake bandari zinazowasogezea maji miguuni. Grand Turk ina ufuo kando ya gati. Amber Cove, Jamhuri ya Dominika, ina bwawa la kuogelea palepale bandarini. Philipsburg, St. Maarten, ufuo wa Great Bay upo mbele ya mji na kuna boti za kuvusha abiria kutoka gatini. San Juan, Puerto Rico, mnashukia mji mkongwe, na uwanja wa majani mbele ya ngome ya El Morro ni mpana, watu hurusha tiara pale siku nzima. Watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi kiingilio ngomeni. Ila mitaa yake imetandikwa mawe, na kigari chenye magurudumu madogo kitawatesa, kwa hiyo bebeni kitambaa cha mgongoni au kanga. Visiwa vinavyoendeshwa na kampuni za meli, kama CocoCay na Castaway Cay huko Bahama, ndivyo rahisi kuliko vyote kwa wenye watoto wachanga: mnashuka gatini, chakula kipo, vyoo vipo, na kabini iko karibu mtoto akichoka. Wapo wanaovidharau kwamba si "Karibi ya kweli". Mtoto wa miaka mitatu hajali hilo hata kidogo.

Angalieni pia kama meli inafunga gati au inatia nanga nje. George Town, Grand Cayman, na Belize City abiria hushushwa kwa boti ndogo. Belize meli hukaa mbali kwa sababu ya maji mafupi na matumbawe, na boti huchukua kama dakika 20 kila upande, mbali na kusubiri foleni. Kigari lazima kikunjike, na mtu mmoja awe na mikono mitupu ya kumshika mtoto wakati boti inayumba. Upepo ukiwa mkali, bandari kama hizo ndizo zinazofutwa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulipia matembezi kwa mwendeshaji wa kisiwani, someni masharti ya kurudishiwa fedha meli isipofika.

Hati. Safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani inamruhusu raia wa Marekani aliye chini ya miaka 16 kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa. Usiridhike na hilo. Mkatie pasipoti ya kitabu, sababu iko mbele. Mwenye green card abebe kadi yenyewe na pasipoti ya nchi yake, na aulize masharti ya kila kisiwa akitaja nchi ya pasipoti yake, maana mwenye pasipoti ya Tanzania, ya Kenya na ya Kongo hawatendewi sawa kila mahali. Bibi aliyekuja kuwatembelea kwa viza ya wageni naye ahakikishe viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Halafu majina. Kwetu ni kawaida mtoto kubeba jina la babu na mama kubaki na jina la baba yake. Afisa wa mpakani hajui hilo. Cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya wazazi kiwepo kwenye mkoba, na kama mzazi mmoja amebaki nyumbani, barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na mthibitishaji wa hati (notary public) iwepo pia.

Sasa saa, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ndipo familia zinapoachwa.

Meli nyingi zinazotoka Florida hubaki na saa za Florida safari nzima. Nyingine hubadilisha kufuata kisiwa. Visiwa navyo vina saa zake. Marekani husogeza saa mbele kuanzia Machi hadi Novemba. Jamaika, Cayman na Cozumel hazisogezi. Kwa hiyo wakati wa likizo ya shule ya kiangazi, Cozumel, Falmouth na Grand Cayman ziko nyuma ya Miami kwa saa moja. Belize na Roatán, Honduras, ziko nyuma kwa saa mbili. Simu yako haijui kwamba wewe ni abiria wa meli. Ikinasa mnara wa kisiwani tu, inajibadilisha yenyewe bila kukuambia.

Chukua mfano wa familia iliyotoka Miami mwezi Julai, meli imebaki na saa za Miami, wako ufuoni Roatán. Mwisho wa kurudi ni 16:30, meli inaondoka 17:00. Baba anatazama simu: 14:30. Anaona wana saa mbili kamili, anaagiza samaki, anamwacha mdogo alale kivulini. Kumbe melini dakika hiyohiyo ni 16:30 na mlango unakaribia kufungwa. Simu ikionyesha 15:30, wakati familia inakung'uta mchanga miguuni mwa watoto, meli ina nusu saa tangu ing'oe nanga. Hakuna aliyezembea. Kila mtu alitazama saa, na saa waliyotazama ilikuwa sahihi kwa Roatán.

Na hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapokwama. Kuingia Marekani kwa ndege kunahitaji pasipoti ya kitabu, hata kwa mtoto mchanga, hata kama ni raia. Mtoto aliyepandishwa melini kwa cheti hawezi kupandishwa ndege kwa cheti hichohicho. Mtahangaikia ubalozi katika nchi msiyoijua, nepi zimeisha, dawa za mtoto ziko kabini na kabini iko baharini.

Kinga yake ni rahisi. Zima kwenye simu mpangilio wa kubadilisha saa kiotomatiki kabla ya kutoka Miami. Vaa saa ya mkononi ya mishale, ya bei ndogo, iliyowekwa saa za meli, na isiguswe na mtu. Ukifika mlango wa kushukia, piga picha ubao unaoonyesha saa ya mwisho ya kurudi, kisha linganisha na saa yako hapohapo. Andika muda kwa tarakimu, 16:30, msije mkapishana kati ya anayesema saa kumi na nusu na anayesema saa nne na nusu. Mpe dereva wa teksi muda wa kuwafuata kwa saa za kisiwani, umtamkie mara mbili. Kumbukeni pia kwamba matembezi yaliyonunuliwa kwa kampuni ya meli yakichelewa, meli huyasubiri au kampuni hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Mliyojipangia wenyewe hayasubiriwi. Yanaweza kuwa nafuu na mazuri, lakini yawe karibu na gati.

Upande wa mashariki, St. Thomas, St. Maarten na Puerto Rico, tofauti ipo wakati wa baridi, na kisiwa kinakuwa mbele ya Miami. Meli ikiwa imebaki na saa za Miami, kosa la huko linawarudisha mapema, halina madhara.

Viti vya gari vya watoto havipo kwenye teksi nyingi za visiwani. St. Thomas mtakutana na malori yaliyowekwa mabenchi, pembeni wazi, bila mikanda. Ukikubali kupanda na mtoto, amua hilo ukiwa nyumbani, si ukiwa umezungukwa na madereva. Kiti chepesi cha kukunja kinamfaa mkubwa wa miaka minne na kuendelea. Mchanga anahitaji kiti chake kamili, na mtu wa kukibeba siku nzima. Ndiyo maana narudia: nendeni kwa miguu inapowezekana.

Boti za matembezi hutangaza umri wa chini, na mtoto wa kupakatwa naye huhesabiwa kama abiria, hivyo msimwache kwenye idadi mnapolipia. Jaketi la kuokolea lipimeni mkiwa bado nchi kavu: mfungeni mtoto mikanda yote, pamoja na wa katikati ya miguu, kisha mshikeni jaketi mabegani mmwinue. Kidevu na masikio yakizama ndani ya jaketi, ni kubwa, na majini litampanda juu na kumfunika uso. Boti nyingi huwa na saizi za watu wazima kwa wingi na mbili tatu za watoto. Aliye na jaketi lake kutoka nyumbani hapigani. Kule Stingray City, Grand Cayman, maji hufika kifuani mwa mtu mzima mfupi. Maana yake mtoto wa miaka minne hasimami. Atabebwa muda wote, na samaki wale aina ya taa wanapita wakigusa miguu yake. Wapo wanaofurahi, wapo wanaopiga kelele hadi boti irudi.

Jua halichagui rangi ya ngozi. Fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu, kofia yenye kamba, na losheni ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili. Aliye chini ya miezi sita akae kivulini. Kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani, tangu 2020 losheni zenye oksibenzoni, oktokrileni na oktinoksati zimepigwa marufuku kwa ajili ya matumbawe. Nunueni yenye zinki oksidi isiyo na kemikali hizo.

Msifunge kwenye begi nguo yenye madoa ya kijeshi, hata kaptula ya mtoto wa miaka miwili. Barbados, Jamaika, St. Lucia na visiwa vingine kadhaa sheria inakataza raia kuivaa, na watoto hawajaachwa nje.

Matunda na nyama za melini haziruhusiwi kushuka. Biskuti zilizofungwa na maziwa ya unga ya mtoto kwa kawaida hupita. Maji ya chupa, pakiti mbili za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, nepi mara mbili ya mnazodhani mtahitaji, na noti ndogo za dola moja na tano.

Ufuoni, tazameni bendera kabla ya kumvua mtoto viatu: nyekundu si siku ya kuoga, zambarau ni yavuyavu au viumbe wengine wa kuwasha. Fuo nyingi hazina mwokoaji. Cozumel ogeeni upande wa magharibi. Mashariki mawimbi yanavuta. Kuanzia masika hadi Agosti mwani wa sargasamu unaweza kufunika fuo zinazotazama mashariki, bandari ya Costa Maya, Meksiko, hasa, kwa hiyo ulizieni asubuhi ileile. Ukiona mti wenye utepe au rangi nyekundu shinani, ondoa watoto. Ni manchineli, tunda lake linafanana na tofaa dogo la kijani na ni sumu, utomvu wake unababua, na mvua ikinyesha msijikinge chini yake kwa sababu maji yanayodondoka hubeba huo utomvu. Mkataze mtoto kuokota tunda lolote ufuoni, hata lile mnalodhani mnalijua.

Ufuo wa Maho, St. Maarten, pale ndege zinapopita juu ya vichwa, msiwapeleke wadogo kwenye uzio. Upepo wa injini uliua mtalii mtu mzima mwaka 2017. Piga picha ya mtoto asubuhi akiwa na nguo alizovaa siku hiyo, mwandikie namba ya simu kwenye bangili, na kubalianeni na dereva bei ya kwenda na kurudi, kwa watu wote, kabla mtoto wa kwanza hajapanda.