Herufi huondoka kabla hujabonyeza "tafuta"

Ndugu zangu wenye maduka, mnaoazima wateja simu kama mimi hapa Arua, angalieni jambo hili. Ukianza kuandika kwenye Google, mapendekezo hujitokeza kadiri unavyoongeza herufi: "pasip", na tayari "pasipoti" imekaa hapo chini. Huja haraka hivyo kwa sababu unachoandika hutumwa kwenye seva (kompyuta) za Google papo hapo, hata ukikifuta bila kutafuta. Kuanzia 2010 mpaka 2017 Google ilileta hata matokeo yenyewe ukiwa bado unaandika; siku hizi ni mapendekezo tu.

Kwa hiyo usibandike neno la siri wala ujumbe wa mtu kwenye sehemu ya anwani, maana nayo hutumika kutafutia, hata kwa sekunde moja. Juzi mama mmoja alibandika neno la siri la barua pepe yake pale akidhani ni sehemu ya kuingilia. Tulilibadilisha palepale, kabla hajaondoka.

Kuzima mapendekezo hayo kwenye sehemu ya anwani ya Chrome: gusa nukta 3, ingia Mipangilio, kisha Huduma za Google, uzime mpangilio wa mapendekezo ya utafutaji. Utaandika maneno mengi zaidi mwenyewe, basi.